Mpiga Ridhimu Naye Ana Jina

Ndugu msomaji, ukisikia wimbo wa dansi wa zamani redioni, unamkumbuka nani? Bila shaka unamkumbuka mwimbaji. Kama wewe ni mpenzi wa dansi hasa, utamtaja na mpiga gitaa la solo. Lakini ukiulizwa nani alipiga gitaa la ridhimu katika wimbo huo, utajibu nini?

Mimi niliulizwa swali hilo nikanyamaza. Niliulizwa katika shamba la migomba, katika kijiji kimoja karibu na Rusumo. Nilikuwa nimekwenda huko kwa kazi nyingine kabisa.

Mzee mwenye shamba alikuwa na tatizo la mnyauko wa migomba. Majani yalikuwa ya njano. Ndizi zilikuwa zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani ni za rangi ya kutu. Tulikuwa tunang'oa mashina yenye ugonjwa. Kila tukimaliza shina moja, tunachoma panga motoni ili tusiupeleke ugonjwa kwenye shina jingine. Mjukuu wake alikuwa amekaa kivulini na redio ndogo.

Redio ikapiga wimbo wa zamani. Mtangazaji alitaja jina la bendi, akataja na jina la mwimbaji. Mzee akasimama, panga mkononi.

"Bwana Shamba, ridhimu hapo kapiga nani?"

"Sijui, mzee."

"Nimepiga mimi."

Mjukuu akacheka. "Babu, na wewe!" alisema. Mzee hakumjibu. Aliinama, akaendelea kung'oa shina.

Siku ile nilikaa kwake mpaka jioni. Nimeandika habari hii kwa sababu ya kicheko kile.

MAGITAA MATATU

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Gitaa la besi lina nyuzi 4 nene. Katika bendi ya dansi, mpiga solo ndiye anayepiga zile sauti za juu zinazopanda na kushuka. Kila mtu anamsikia. Mpiga besi anapiga sauti nzito za chini, zile unazozisikia tumboni ukikaa karibu na spika. Katikati yao yuko mpiga ridhimu. Bendi nyingine kubwa huongeza gitaa la nne, linaloitwa solo la pili.

Mpiga ridhimu huchukua kifungu kifupi cha sauti, akakirudia. Anakirudia dakika 5, dakika 6, hata 8. Hatakiwi kuharakisha wala kuchelewa. Mwimbaji anaweza kupumzika. Mpiga solo anaweza kunyamaza akasubiri zamu yake. Mpiga ridhimu hapumziki. Akiteleza kidogo tu, mpiga tumba naye anateleza, na wachezaji uwanjani wanakanyagana.

Nyimbo nyingi za dansi za Tanzania zina sehemu mbili. Kwanza wimbo huenda taratibu ili maneno yasikike. Kisha linakuja chemko. Hapo maneno yanapungua, magitaa yanashika nafasi, na watu wanaacha viti. Mzee aliniambia kwamba katika chemko ndipo mpiga ridhimu anapojulikana kama ni mtu au ni picha ya mtu.

Kwangu mimi kazi hiyo ni kama palizi. Mgeni akipita shambani anasifu mahindi marefu. Hasifu palizi, kwa sababu palizi nzuri haionekani.

Kumbuka pia kwamba si kila muziki ulimficha mpigaji. Mcheza enanga wa Wahaya, au inanga ya majirani zetu wa Rwanda na Burundi, hupiga na kuimba yeye mwenyewe. Wakimsifu mwimbaji wamemsifu mpigaji. Bendi ndizo zilizogawa kazi, na sifa nazo zikagawanyika vibaya.

HAWA NI BAADHI YAO

Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe. Aliimba, alitunga, na alipiga solo, kwanza Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Jina lake bado linatajwa, na anastahili. Lakini nyuma yake walikuwepo watu waliomshikia wimbo ili yeye awe huru kucheza na nyuzi. Majina yao hatuyasikii.

Sasa mchukue Omari Shabani. Huyu ndiye ninayetaka umjue kuliko wote. Alikuwa mpiga ridhimu wa Simba Wanyika, bendi ya akina Kinyonga, ndugu wa Tanga waliohamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 yeye na wenzake walijitoa, wakaunda Les Wanyika huko Nairobi. Katika bendi hiyo John Ngereza aliimba na kupiga solo. Tom Malanga alipiga besi. Omari Shabani alipiga ridhimu, na wenzake walimwita Profesa.

Wimbo wao wa "Sina Makosa" umepigwa katika harusi za Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 40. Watoto waliozaliwa juzi wanaufahamu. Ukiupata, fanya hivi. Mara ya kwanza sikiliza maneno, uyamalize. Mara ya pili usisikilize maneno hata kidogo. Tafuta lile gitaa la katikati, linalojirudia bila kuchoka. Likishakukaa sikioni, utaona kwamba mwili wako ulikuwa unalifuata tangu zamani. Ulidhani unacheza sauti ya mwimbaji, kumbe unacheza mkono wa Omari Shabani. Alifariki mwaka 1998. Wengi wanaoucheza wimbo huo hawajapata kusikia jina lake.

Remmy Ongala naye unamjua. Alizaliwa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na alifariki Desemba 2010. Nyimbo zake za kuwatetea maskini zilipendwa hata Ulaya. Basi lile gitaa la solo linalolia katika nyimbo zake na Super Matimila za miaka ya 1980 alilipiga Batii Osenga. Sema jina hilo mbele ya watu 10, uone ni wangapi watalitambua.

Wako na wapiga solo waliosahauliwa. Rashidi Hanzuruni alipiga solo katika Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam na watu waliotoka huku magharibi. Ndiyo maana ikaitwa Western. Mtindo wao uliitwa Saboso. Michael Enoch alipiga solo katika Dar es Salaam Jazz miaka ya 1960. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 alikuwamo, na huko akashika saksafoni. Alifundisha vijana wengi hata wakamwita Ticha. Katika Mlimani Park hiyo hiyo, Joseph Mulenga alipiga solo, na Abel Baltazar alipiga gitaa na kutunga nyimbo. Watu walioimba nao, kama Hassani Bitchuka na Muhiddin Maalim Gurumo, walijulikana nchi nzima.

KWA NINI HATUWAJUI

Zamani bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, mashirika na majeshi. Chama cha wafanyakazi NUTA kilikuwa na bendi yake. Jina la chama lilipobadilika, na la bendi likabadilika: NUTA, JUWATA, OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, na Jeshi la Kujenga Taifa pia. Mpigaji aliajiriwa kama mfanyakazi mwingine. Alikuwa na mshahara wa mwezi, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini gitaa, spika na nyaya vyote vilikuwa vya mwajiri.

Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi nyimbo nyingi. Bendi ilikwenda studio, ikapiga, ikaondoka. Kanda zikabaki redioni. Nashukuru kwamba zilibaki, maana bila hizo leo tusingesikia kitu. Ila mtangazaji ana nafasi ya maneno machache kabla ya wimbo. Akishataja bendi na mwimbaji, amemaliza.

Mzee wetu aliingia katika bendi ya namna hiyo mwaka 1974, katika mji mmoja ambao hataki niutaje. Bendi nayo hataki niitaje. Alijifunza gitaa akiwa mtoto, kwa kumtazama mfanyabiashara aliyepita na galatoni. Galatoni ni gitaa kavu, lisilotumia umeme. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa yaliyoitwa Gallotone, nasi tukalitamka hivyo. Yule mfanyabiashara alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kama alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa mwaka 1952 akipiga "Masanga". Gumba linapiga besi, kidole cha pili kinapiga solo. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Wazungu wamejifunza wimbo ule nyuzi kwa nyuzi. Sisi tuliozungumza lugha yake ya Kiswahili tumemsahau.

Mzee alipiga ridhimu miaka 12. Mwaka 1986 mama yake aliugua, akaomba kuacha kazi. Siku ya mwisho aliingia stoo, akakabidhi gitaa moja, mkanda mmoja na waya mmoja, akatia sahihi kwenye daftari. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Nilijiona kama mkulima aliyenyang'anywa jembe katikati ya msimu," aliniambia.

Hakupiga tena kwa miaka mingi. Baadaye aliuza magunia mawili ya maharage, akanunua galatoni kuukuu kwa dereva mmoja wa lori. Gitaa hilo liko mpaka leo, limetundikwa ukutani juu ya magunia.

JINA LINA KAZI

Labda utasema, jina halijazi chungu. Hebu fikiri kidogo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni haki ya mtu aliyetunga. Hakishiriki ni haki ya wale walioshiriki: waimbaji, wapigaji, waliorekodi na waliotangaza. Kwa hiyo sheria yenyewe inamtambua mpigaji, si mtunzi peke yake. Lakini mtu atadaije haki ya mkono wake, kama hakuna palipoandikwa kwamba mkono ule ulikuwa wake? Simdanganyi mtu kwamba mzee wa kanda za mwaka 1979 atalipwa kesho asubuhi. Nasema tu kwamba kudai huanza na jina.

Kwa vijana jambo hili ni kubwa zaidi. Siku hizi kijana anarekodi wimbo na wenzake watatu, na wimbo unaingia katika simu za watu Ngara nzima. Ukiuliza nani kapiga gitaa, hawajui. Waandike siku ile ile wanayorekodi: nani kaimba, nani kapiga nini, tarehe gani. Karatasi moja inatosha, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake.

Na wewe uliyejifunza kusoma na kuandika hivi karibuni, una kazi hapa. Katika kijiji chako yuko mzee aliyepiga bendi, au aliyepiga galatoni katika harusi za zamani. Nenda na daftari. Muulize alipiga wapi, mwaka gani, na nani. Andika majina ya wenzake wote, hata wale anaokumbuka jina moja tu. Kama una simu yenye kurekodi, mrekodi akipiga. Ukisikia wimbo wa zamani redioni, mpigie mtangazaji umuulize nani alipiga ridhimu. Hapa Ngara tuna Radio Kwizera tangu mwaka 1995. Mtangazaji akiulizwa mara nyingi, atatafuta.

Mimi nimeanza. Katika daftari langu la mnyauko wa migomba, kurasa za nyuma, yamo majina 9 aliyonitajia mzee. Watano kati yao wameshafariki.

Nilirudi kwake baada ya wiki tatu kukagua shamba. Machipukizi mapya yalikuwa safi. Kabla sijafika mlangoni nilisikia gitaa. Alikuwa anapiga mjukuu, yule aliyecheka. Alikuwa anarudia kifungu kimoja, anakosea, anaanza tena. Mzee alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Kila kijana alipoharakisha, mzee aligonga ungo kwa kidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Umefika wakati mzuri. Uzi wa tatu umekatika. Anajifunza kwa nyuzi 5. Ukienda mjini tutafutie."

Nilikwenda Ngara mjini. Duka la kwanza walinipa mshipi wa kuvulia samaki. Duka la pili walinipa waya wa breki ya baiskeli, wakasema watu wengi hufungia huo. Basi nikashuka Rusumo, kwenye malori yanayosubiri kuvuka. Nilimkuta dereva mmoja ambaye angerudi kwa njia ya Kahama. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu yangu, akaandika kiganjani mwake: gitaa, uzi wa tatu.