South Lakeland: Wilaya Iliyopiga Kura kwa Akili Yake

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District, kulikuwa na halmashauri ya wilaya ya South Lakeland, yenye makao yake katika mji wa Kendal. Ilianza kazi mwaka 1974 na kuvunjwa tarehe 1 Aprili 2023. Ilikuwa wilaya ya viraka: sehemu kubwa ilitoka kaunti ya zamani ya Westmorland, upande wa Ulverston na Grange ukatoka Lancashire, na Sedbergh ikatoka Yorkshire. Madaraka yake yalikuwa haba. Ilizoa taka, ilishughulikia makazi na ilitoa vibali vya ujenzi, na hata vibali hivyo haikuvitoa kila mahali, kwa sababu ndani ya hifadhi za taifa maamuzi yalikuwa ya mamlaka za hifadhi. Shule, barabara na matunzo ya wazee vilikuwa chini ya kaunti ya Cumbria. Ni rahisi basi kudhani kwamba uchaguzi wa halmashauri kama hiyo haukuwa na uzito wowote, kwamba wananchi walikwenda kituoni kumpongeza au kumwadhibu Waziri Mkuu aliyeko London tu. Rekodi ya South Lakeland inakanusha dhana hiyo.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kalenda. Madiwani hawakuchaguliwa wote kwa siku moja. Katika kila kipindi cha miaka minne, miaka mitatu ilikuwa ya wilaya, na kila mara karibu theluthi moja ya viti ilishindaniwa. Mwaka wa nne ulikuwa wa baraza la kaunti. Mkazi wa wilaya hii, basi, aliishi katika mazingira ya kampeni karibu kila mwezi Mei. Chama hakikuweza kuonekana wakati wa kuomba kura kisha kutoweka miaka minne. Kilichoahidiwa kata hii mwaka huu kilikuwa kinaulizwa kata ya jirani mwaka unaofuata. Utaratibu huo uliwapa faida wale waliokuwa tayari kugonga milango ya watu mwaka mzima, na katika wilaya hii wengi wao walikuwa wa chama cha Liberal Democrats, chama cha tatu katika siasa za taifa.

Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa ngome ya chama cha Conservative. Michael Jopling, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo katika serikali ya Margaret Thatcher, alikuwa mbunge wa huku tangu 1964 hadi 1997, na nafasi yake ikachukuliwa na Tim Collins wa chama hichohicho. Mwaka 2001 Tim Farron wa Liberal Democrats aligombea jimbo la Westmorland and Lonsdale, lililobeba sehemu kubwa ya wilaya, akashindwa kwa kura 3,147. Baada ya kushindwa huko aligombea udiwani: mwaka 2004 alichaguliwa kuwa diwani wa Milnthorpe. Mwaka uliofuata aliuchukua ubunge kwa tofauti ya kura 267 tu, na mwaka 2006 chama chake kikapata wingi wa viti katika halmashauri. Hakikuupoteza tena mpaka halmashauri yenyewe ilipofutwa.

Hapa wapo watakaosema kwamba yote haya ni habari ya mtu mmoja mwenye mvuto, na kwamba madiwani walibebwa na mbunge wao. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani Farron alipendwa kweli: mwaka 2010 alipata asilimia 60 ya kura. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Mwaka 2011 chama chake, kikiwa kimeingia serikali ya mseto na Conservative, kilipoteza zaidi ya viti 700 vya udiwani kote Uingereza. Huko South Lakeland kilibaki madarakani. Mwaka 2015 wabunge wa chama hicho walishuka kutoka 57 hadi 8. Huko South Lakeland hakikutikisika. Na ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote ni huu: mwaka 2017 Farron mwenyewe, akiwa kiongozi wa chama kitaifa, aliponea chupuchupu kwa kura 777. Kama madiwani wangekuwa wanaishi kwa jina lake, mwaka 2018 ndio ungekuwa wa kuanguka, maana mipaka ya kata ilikuwa imechorwa upya na viti vyote 51 vilishindaniwa kwa pamoja. Liberal Democrats walipata viti 29, Conservative 19 na chama cha Labour 3. Wapiga kura walewale waliokuwa wakimtilia shaka mbunge hawakuona sababu ya kumwondoa diwani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Mfumo wa Uingereza humpa kiti aliyeongoza hata kama hakufikisha nusu ya kura, na mahali ambapo Labour haina matumaini, wafuasi wake humpigia kura mtu wa Liberal Democrats ili Conservative isipite. Katika jimbo la Farron mwaka 2010 Labour ilipata asilimia 2.2 tu, ilhali katika mji jirani wa Barrow, wenye kiwanda cha nyambizi na wafanyakazi wengi, ilikuwa na nguvu. Kwa hiyo si kila kura ya South Lakeland ilitokana na mapenzi kwa chama kilichoshinda. Hata hivyo kura ya mbinu inahitaji mpiga kura ajue nani ana nafasi katika kata yake, na ujuzi huo hauji kwa kutazama taarifa ya habari ya London. Huja kwa matokeo ya mwaka jana, ya kata ya jirani, ya mgombea ambaye watu wamemwona. Hesabu ya namna hiyo inathibitisha kwamba watu walifikiri kwa kuangalia mahali pao.

Ndiyo maana nasikitishwa na namna ilivyokwisha. Julai 2021 waziri Robert Jenrick alitangaza kwamba Cumbria itagawanywa kuwa halmashauri mbili kubwa zenye madaraka yote. South Lakeland, iliyokuwa imependekeza kuungana na Barrow na Lancaster, ilikataliwa. Iliunganishwa na Barrow na Eden kuwa Westmorland and Furness. Wananchi hawakupigishwa kura ya maoni. Watetezi wa mageuzi walisema ngazi mbili za serikali zinachanganya watu na kupoteza fedha, na chaguzi za kila mara zinachosha. Kuhusu mkanganyiko wana haki: mwananchi mwenye shimo barabarani hapaswi kutafuta ofisi mbili. Lakini wilaya ya watu wapatao 105,000 ilikuwa na madiwani 51, yaani diwani mmoja kwa watu kama 2,000. Halmashauri mpya ina madiwani 65 kwa watu wapatao 226,000, karibu watu 3,500 kwa kila mmoja. Uchaguzi wake wa kwanza, wa Mei 2022, uliwapa Liberal Democrats viti 36, kwa hiyo mazoea ya kupiga kura yaliivuka mipaka ya wilaya iliyokuwa inakufa. Uchaguzi uliofuata wa viti vyote ulipangwa kufanyika mwaka 2027, miaka mitano mizima kwa watu waliokuwa wamezoea kuwahoji madiwani wao karibu kila mwaka.