TOVUTI YA CHAMA NA USHAHIDI WA MAJIRANI

Swali moja limerudiwa na makatibu wengi wa vyama vya msingi: kwa nini chama kifungue tovuti, kilipie jina lake kila mwaka, halafu mnunuzi aliyeko Hamburg akitafuta kakao ya Kyela katika Google akutane kwanza na wachuuzi wa mijini ambao hawajakanyaga Ipinda wala Matema? Swali hili si dogo. Mnunuzi humwandikia yule aliyemwona kwanza, na sifa ya kakao yetu humfaidi asiyeilima. Wenye kulima mpunga huku mbugani wanalijua jambo hili vyema, maana mchele mwingi huuzwa kwa jina la Kyela bila kutoka Kyela.

Hapo awali mitambo ya kutafuta habari katika intaneti ilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa. Aliyeandika neno "kakao" mara mia aliweza kumshinda aliyeliandika mara tano, hata kama hana punje ya kuuza. Mnamo mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza njia nyingine, nayo ndiyo iliyozaa Google. Mtambo wao ulitazama pia viungo (si vya pilau), yaani yale maneno ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa ukurasa mwingine. Kiungo kinachotoka kwa mwingine kuja kwetu huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba tunastahili kusomwa. Leo Google hupima mambo mengine mengi pia, lakini ushahidi huo ungali na uzito.

Hapa mwanaushirika anapaswa kuwa makini, kwa sababu hesabu hii haifuati desturi yetu. Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja, awe na miche kumi ya kakao au elfu. Katika hesabu ya Page na Brin kura hazilingani: anayetajwa na wengi wenye kuaminika, kura yake huwa nzito, na anayewataja watu mia, uzito wake hugawanyika kwa wote mia. Ndivyo ilivyo hata gulioni Lyulilo. Mgeni akitaka chungu cha Wakisi, neno la mama aliyepikia vyungu hivyo miaka ishirini humtosha, kuliko kelele za vijana kumi wanaosifia kila kitu kinachopita.

Kwa kuwa ushahidi una thamani, wamezuka wenye kuuuza. Chama kimoja, ambacho hatutakitaja, kililipa fedha za wanachama kwa kijana aliyeahidi viungo mia tano kwa juma moja. Viungo vilikuja kweli, vikitoka kwenye kurasa za michezo ya kamari na za dawa zisizojulikana. Havikuleta mnunuzi hata mmoja, na mkaguzi alipouliza fedha zilinunua nini, katibu hakuwa na la kuonyesha. Tangu Aprili 2012 Google ilianza kuzishusha kurasa zenye kutegemea hila za namna hiyo, na sasa huviacha viungo vingi vya kununuliwa bila kuvihesabu. Kamati isiidhinishe malipo hayo.

Ushahidi wa kweli hupatikana kwa wale ambao tayari tunashirikiana nao. Huko bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili hununua kakao mbichi kwa wakulima, huivundika na kuikausha. Watengenezaji wa chokoleti wa ng'ambo, mmojawapo Dandelion wa San Francisco, huitaja kwa jina katika bidhaa zao. Hawakulipwa kufanya hivyo: mlaji wao anataka kujua kakao imetoka wapi. Nasi tumwandikie kila mnunuzi anayetumia kakao yetu, tumwombe aitaje na aweke kiungo cha tovuti yetu. Halmashauri ya Wilaya iombwe vivyo hivyo, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi wanaokuja kutuhoji.

Lakini nani atamwelekeza mgeni kwenye nyumba tupu? Tovuti nyingi za vyama zina picha ya mwenyekiti na salamu zake, basi. Tuandike yale ambayo wengine hawawezi kuyaandika: matokeo ya kila mnada, tarehe, kilo zilizouzwa na bei, siku ngapi kakao huvundikwa, na kwa nini ile iliyokaushwa bila kuvundikwa hukosa ladha ya chokoleti. Mwandishi wa gazeti anayehitaji bei ya mwaka juzi ataikuta kwetu, na ataonyesha alikoitoa. Bei zinazotumwa katika vikundi vya WhatsApp huwafaa wanachama, ila mtambo wa kutafuta hauingii humo.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, nalo husahauliwa mno. Ukurasa ukisha tajwa na wengine, anwani yake isibadilishwe ovyo kila fundi mpya anapoajiriwa. Ikilazimu kuibadilisha, fundi aagizwe kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya, na orodha ya anwani zote ihifadhiwe ofisini pamoja na nywila, si katika simu ya mtu mmoja.