Nani Atanunua? Kazi ya Shule ya Biashara katika Uchumi wa Teknolojia

Serikali ikitaka kujenga uchumi wa teknolojia, macho yote huelekea kwa wahandisi. Maabara hujengwa, kompyuta hununuliwa, ardhi ya mji mpya hutengwa na vijana huhimizwa wasome sayansi. Shule ya biashara hukumbukwa mwishoni, na aghalabu kazi yake huwa ni kuendesha semina ya siku mbili ya kuandika mpango wa biashara. Matokeo yake tunayajua: vifaa vinavyofanya kazi vizuri tu vinakaa kwenye makabati ya maabara baada ya siku ya maonyesho. Mtengenezaji alijua jinsi ya kukiunda kifaa. Hakuna aliyejua nani atakinunua, kwa bei gani, na kwa fedha zitakazotoka wapi.

Kutafuta majibu ya maswali hayo ni taaluma, na ndiyo inayoipa shule ya biashara nafasi yake katika uchumi wa eneo lake. Namna kazi hiyo inavyofanyika inaonekana vizuri katika mji wa Austin, makao makuu ya jimbo la Texas nchini Marekani.

Mwaka 1970 Austin ulikuwa na wakazi wapatao robo milioni, wengi wao wakitegemea ofisi za serikali ya jimbo na chuo kikuu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 961,855, na leo mji huo ni miongoni mwa miji inayojulikana duniani kwa kompyuta, chipu na programu. Mabadiliko hayo yana wazazi wengi. Mmoja wao ni George Kozmetsky, aliyekabidhiwa uongozi wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1966. Hakuwa msomi wa vitabuni tu. Mwaka 1960 alikuwa ameanzisha kampuni ya Teledyne pamoja na Henry Singleton, akatajirika, kisha akaenda kufundisha. Alidumu katika nafasi hiyo hadi 1982.

Wakati anaanza, Austin ulikuwa unawavutia wawekezaji kwa njia ambayo miji mingi inaitumia hadi leo: kuziita kampuni kubwa za nje zifungue viwanda. IBM ilifungua mwaka 1967, Texas Instruments 1969 na Motorola 1974. Viwanda hivyo vilileta ajira na mishahara mizuri. Lakini tawi la kampuni ya nje hupokea maagizo. Bidhaa gani itengenezwe, nani auziwe na faida iende wapi, hayo huamuliwa makao makuu, na makao makuu yakipata pa bei nafuu zaidi hufunga na kuhama. Mji unaoishi kwa matawi huzalisha mafundi na mameneja wa zamu, ila hauzalishi watu waliowahi kuanzisha kampuni kutoka sifuri.

Kozmetsky aliliona pengo hilo. Mwaka 1977 alianzisha taasisi iliyoitwa IC², jina lililobeba mambo matatu: uvumbuzi, ubunifu na mtaji. Taasisi hiyo ilichunguza kwa nini baadhi ya miji hugeuza ujuzi wa vyuo kuwa kampuni na mingine hushindwa, na ilikuwa mahali ambapo profesa, mfanyabiashara, benki na ofisa wa serikali walikutana bila kungoja dhifa rasmi. Miongoni mwa watafiti wake walitoka walioeleza kwamba mji wa teknolojia husimama juu ya makundi kadhaa yanayoshikana, yakiwemo chuo kikuu, kampuni kubwa, kampuni changa, ngazi za serikali na vyama vya kibiashara. Kundi moja likilegea, mengine huyumba. Walisisitiza pia kwamba makundi hayo hayashikani yenyewe. Huunganishwa na watu wachache wanaoaminika na kila upande, na shule ya biashara ni mahali pazuri pa kuwapata, kwa kuwa wahitimu wake wamo benki, viwandani na serikalini.

Mtandao huo ulipimwa mwaka 1983. Muungano wa kampuni za kompyuta uliojulikana kama MCC, uliokusudiwa kukabiliana na ushindani wa Japani, ulitangaza kwamba unatafuta makao. Miji 57 kutoka majimbo 27 iliomba. Austin ulishinda kwa sababu gavana, chuo kikuu na wafanyabiashara walikwenda na ahadi moja iliyokwisha kupatanishwa. Mwaka 1988 ukafuata Sematech, muungano wa kampuni za chipu uliofadhiliwa kwa sehemu na serikali kuu.

Mtu angeishia hapo angesema siri ni kuvutia miradi mikubwa. Lakini bei ya mafuta ya petroli ilianguka mwaka 1986, benki za Texas zikaanza kufilisika na majengo ya ofisi ya Austin yakabaki matupu. Miungano ile mikubwa isingetosha kuubeba mji wote. Mwaka 1989 IC² ikaanzisha kituo atamizi cha kampuni changa, kwa msaada wa jiji na chama cha wafanyabiashara. Mwaka huohuo ukazinduliwa mtandao wa kuwakutanisha wenye fedha binafsi na wenye mawazo ya biashara, kwa sababu benki hazikuwa tayari kukopesha kampuni isiyo na dhamana zaidi ya akili za waanzilishi wake. Mkono mtupu haulambwi, na kampuni changa ya teknolojia huja benki mikono mitupu.

Kodi nafuu ilikuwa faida ndogo kabisa ya kukaa ndani ya kituo kile. Kubwa lilikuwa kwamba mwanzilishi aliyezoea kuongea na mashine alipata mhasibu, mwanasheria, mkongwe wa masoko na wanafunzi wa shahada ya uzamili wa kumfanyia utafiti wa wateja. Mwanafunzi naye alijifunza biashara kwa kampuni iliyo hai, ambayo ingeweza kukosa mishahara mwisho wa mwezi kama hesabu zake zingekuwa mbovu. Katikati ya miaka ya 1990 wazo hilo likapandishwa kuwa shahada kamili ya uzamili ya kuingiza teknolojia sokoni, ambapo wanafunzi walipewa uvumbuzi halisi na kutakiwa kuamua kama una soko au hauna.

Tuone kazi hiyo inavyofanyika, kwa mfano wa kubuni lakini wenye mazingira tunayoyajua. Tuseme mhandisi ameunda kikaushio cha dagaa kinachotumia nguvu ya jua, na kinafanya kazi. Mwanafunzi wa biashara anakwenda Mwanza, kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, ambako dagaa wa Ziwa Victoria hununuliwa hata na wafanyabiashara wanaotoka Kongo. Jambo la kwanza atakaloligundua ni kwamba dagaa aliyeanikwa mchangani na dagaa aliyeanikwa juu ya chanja hawauzwi bei moja. Mwenye mchanga mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku. Kumbe kinachouzika si ukaushaji wa haraka ambao mhandisi alijivunia, ni usafi. Na msimu wa mvua, dagaa wanapooza kwa kukosa jua, ndipo kikaushio kingekuwa na thamani kubwa zaidi. Je, kinafanya kazi mawingu yakitanda? Swali hilo linarudi maabara.

Jambo la pili analipata kwa wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi hukaa ufukweni. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo kikaushio kitakaa bure na mama anayekausha hatakuwa na kipato. Mkopo wenye rejesho la kila wiki utamshinda, hata kama kwa mwaka mzima biashara ina faida. Rejesho lazima lifuate mwezi wa angani, si kalenda ya benki. Jambo la tatu ni la umiliki: mkaushaji mmojammoja hana uwezo wa kukinunua, lakini kikundi kinaweza kukinunua na kukikodisha kwa ndoo. Hapo ndipo kikaushio kinapogeuka kuwa biashara. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji fizikia. Yote yalihitaji mtu aliyefundishwa kuuliza, kupiga hesabu na kusikiliza.

Afrika Mashariki imekwisha kuona thamani ya kusikiliza huko. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 nchini Kenya, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lengo lilikuwa kuwarahisishia wakopaji kulipa marejesho yao kwa simu. Watu wakaitumia kwa mengine, ikiwemo kutumiana fedha wao kwa wao. Waliosimamia jaribio hilo walikiona kinachotokea, wakabadili mpango, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa ya kutuma fedha. Wangeng'ang'ania wazo la mwanzo, mfumo uleule wa kompyuta huenda ungebaki chombo kidogo cha wakopaji. Usomaji huo wa soko ulifanywa ndani ya kampuni ya simu. Shule za biashara zinaweza kuufanya kuwa kazi ya kawaida kwa wavumbuzi ambao hawana kampuni kubwa nyuma yao.

Kikwazo chetu kwa sehemu ni cha mpangilio. Tazama Dar es Salaam. Shule Kuu ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mizizi inayofika mwaka 1979, ilipoanza kama Kitivo cha Biashara na Menejimenti, na iko Mlimani. Ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya chuo hichohicho iko Kijitonyama, jirani na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, yenye vituo vyake vya kulea wabunifu. Umbali huo ni wa daladala moja au mbili. Umbali mgumu zaidi ni wa ratiba, mitihani na vyeo. Katika vyuo vingi mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, na mwaka aliotumia kuisaidia kampuni changa kupata mteja wake wa kwanza hauhesabiwi sana. Mwanafunzi wa biashara na wa programu wanaweza kuhitimu siku moja bila kuwahi kukaa meza moja.

Hayo yanaweza kurekebishwa bila jengo jipya. Somo la pamoja la mwaka wa mwisho, ambapo mwanafunzi wa uhandisi na wa biashara hupata alama moja kwa kazi moja, linahitaji uamuzi wa seneti ya chuo. Kanuni za vyeo zinaweza kutambua kazi ya kuingiza uvumbuzi sokoni. Shule inaweza pia kutunza orodha ya wahitimu wake wenye fedha na uzoefu, na kuwakutanisha na waanzilishi kila muhula, kama mtandao wa Austin ulivyofanya. Na kwa kuwa SACCOS, VICOBA na vyama vya ushirika ndivyo vinavyoshika akiba ya watu wengi, watafiti wa fedha wana kazi ya kubuni mikopo inayolingana na misimu ya mvua, ya mavuno na ya giza.

Hata hivyo Austin haunakiliki neno kwa neno. Chuo Kikuu cha Texas kina mfuko uliotajirishwa na visima vya mafuta kwenye ardhi yake tangu mwaka 1923, na Marekani ina serikali inayonunua teknolojia kwa mabilioni. Wala shule ya biashara haitengenezi waanzilishi kama matofali. Michael Dell alianza kuuza kompyuta mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, kisha akaacha masomo. Shule ilikuja kumfaa baadaye, pale Kozmetsky alipoingia kwenye bodi ya kampuni yake, kampuni changa iliyokua haraka ilipohitaji mtu mzima aliyewahi kupita njia hiyo.

Ukuaji nao una watu unaowaumiza. Utafiti uliotolewa na wasomi wa chuo hichohicho mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya 2000 na 2010 Austin ulikuwa mji mkubwa pekee kati ya ile inayokua kwa kasi Marekani ambao idadi ya wakazi wake Weusi ilipungua. Gharama za nyumba ni sehemu ya maelezo. Shule ya biashara inayopima mafanikio kwa thamani ya kampuni peke yake haitaona hasara hiyo, kwa kuwa haimo kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni yoyote.

Somo linalosafiri ni la muda. Tangu Kozmetsky ashike uongozi mwaka 1966 hadi kituo atamizi kufunguliwa ilipita miaka 23. MCC yenyewe haipo tena, na Sematech ilihamishia makao yake jimbo la New York. Mji haukuanguka, kwa sababu watu waliojifunza humo walibaki na wakaanzisha mengine. Miradi ya wafadhili kwetu hupimwa kwa miaka mitatu au mitano, kisha kituo hufungwa na walioelewa kazi hutawanyika. Shule ya biashara ina uhai mrefu kuliko mradi na kuliko kampuni nyingi, kwa hiyo ndiyo inayofaa kutunza kumbukumbu ya nani alijaribu nini, nani alimlipa, na kwa nini ilikwama. Chuo kinachotaka kujua kama shule yake imeanza kazi hiyo kisihesabu semina. Kiulize ni vumbuzi ngapi zimerudishwa maabara mwaka huu zikiwa na maelezo ya mteja, na ni ngapi zimekataliwa mapema kabla fedha za watu hazijateketea.