Ua la Dirishani Katika Nyumba ya Askari

Ndugu askari na polisi, nyumba za kambini kwa kawaida ni ndogo, wala si kila mmoja apataye kiwanja cha bustani. Hata hivyo, mwenye dirisha moja tu aweza kukaa na maua mwaka mzima, iwapo atachagua kwa busara na kuyatunza kwa kiasi.

Kabla ya kutazama ua, yafaa kulitazama dirisha. Mmea upendao jua, ukiwekwa kivulini, hutoa majani matupu. Na ule wa kivuli ukiwekwa juani huungua. Kwa chumba chenye mwanga usio mkali, sisi twapendekeza ua la Usambara. Kwao ni milima ya Tanzania na sehemu za Kenya, ambako huota juu ya miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa. Mnamo mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alimpelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limeenea madirishani ulimwenguni kote.

Asili hiyo ndiyo ifundishayo utunzaji wake. Lipewe mwanga mwingi, lakini si jua la mchana. Chungu kiwe kidogo, chenye tundu chini, na udongo uwe mwepesi, wenye mboji iliyooza vizuri. Mimea mingi ya nyumbani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Basi gusa udongo kwa kidole, na unyweshe pale tu unapokauka juu. Maji ya baridi yakidondokea majani yenye vinyweleo huyatia madoa. Afadhali yatiwe katika sahani chini ya chungu, na baada ya nusu saa yanayosalia yamwagwe. Yakiachwa, mizizi huoza na mbu huzaliana.

Wenye watoto wakumbuke pia kwamba ua hili halina sumu, tofauti na oleanda, ambayo hupandwa sana kando ya nyumba ingawa yaweza kuudhuru moyo hata kuua.

Ukija uhamisho, chungu chabebeka. Aliye jirani naye aweza kuachiwa jani moja pamoja na kikonyo chake: likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa mizizi baada ya wiki kadhaa, kisha miche. Kwa njia hiyo mmea mmoja waweza kuzipamba nyumba zote za safu.

Kwa sababu hiyo, hakuna udhuru wa kung'oa maua haya msituni, ambako aina zake nyingi zimo hatarini kwa kukatwa miti inayozitia kivuli. Atakaye ua na aombe jani kwa mwenzake, amwache mama yake mwambani.