Chipu Inayojifunza Kama Ubongo na Funzo la Loliondo

Mwaka 2011 foleni za magari zilinyoosha kwa kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe cha dawa ya miti shamba kwa shilingi 500. Matumaini yaliutangulia ushahidi, na baadhi ya wagonjwa wakaacha dawa za hospitali. Inafaa tuyakumbuke hayo tunapopokea habari za uvumbuzi mwingine unaosifiwa: chipu za kielektroniki zinazojifunza kwa kuiga neva.

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini hutumia takriban wati 20 tu za nishati. Uwezo wake wa kujifunza umo katika maungio ya seli hizo, yaitwayo sinapsi. Ungio linalotumika mara kwa mara huimarika, lisilotumika hufifia. Mfugaji wa Loliondo anaifahamu kanuni hiyo: njia inayokanyagwa na ng'ombe kila siku hubaki wazi, na iliyoachwa humezwa na nyasi.

Mwaka 1971 mtaalamu Leon Chua alibainisha kwa njia ya hesabu kwamba kifaa cha umeme chenye kumbukumbu kinawezekana, akakiita memrista. Mwaka 2008 watafiti wa kampuni ya HP walikionyesha, kimetengenezwa kwa oksidi ya titani. Umeme ukipita ndani yake, ukinzani hubadilika, na badiliko hilo husalia hata umeme ukikatwa. Kwa ufundi tofauti, mwaka 2017 kampuni ya Intel ilitangaza chipu ya Loihi, yenye neva bandia zipatazo 130,000, inayoweza kujifunza ikiwa kazini.

Je, haya yanaihusu vipi Loliondo? Mgonjwa wa kifafa anayeishi huko yuko mamia ya kilomita kutoka kwa mabingwa wa neva. Watafiti wanajaribu chipu za aina hii katika kutambua dalili za kifafa kwenye mawimbi ya umeme wa ubongo. Kifaa kinachotumia nishati kidogo, bila kutegemea intaneti, huenda siku moja kikamfaa tabibu wa zahanati yenye umeme wa jua. Hata hivyo, chipu hujifunza kile tu inachoonyeshwa. Iliyofundishwa kwa wagonjwa wa mbali yaweza kukosea kwa wetu. Ni lazima ipimwe hapa kabla ya kuaminiwa.

Kwa sasa, mhudumu wa afya, chombo chako cha kwanza ni maelezo ya aliyemwona mgonjwa akianguka: yasikilize kwa makini. Nawe mgonjwa, usiache dawa kwa sababu ya habari njema yoyote. Kuziacha ghafla kwaweza kuleta kifafa mfululizo, nacho huua.