Mshahara wa Milioni Moja na Nusu, Gari la Milioni 15

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, watumishi wengi walijikuta kwenye mji ulioenea kuliko ulivyojengeka. Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita zipatazo 17 mashariki ya katikati ya jiji. Nyumba za kupanga zimetawanyika Kisasa, Ipagala, Nkuhungu, Miyuji na kwingineko. Kituo kikuu cha mabasi kiko Nzuguni. Si ajabu, basi, kwamba gari ni mazungumzo ya kila mwisho wa mwezi. Swali linaloulizwa ni lilelile: shilingi ngapi? Mtu akiambiwa gari dogo la IST, lenye usajili wa namba D, linauzwa milioni kadhaa na benki iko tayari kukopesha, anaona hesabu imeisha. Ukweli ni kwamba haijaanza. Gari lipimwe kwa kile linachokula kila mwezi dhidi ya kile kinachobaki mkononi kila mwezi. Likipimwa hivyo, wengi wanaoonekana kulimudu hawalimudu kwa mshahara mmoja.

Tuanze na kinachobaki mkononi, maana hapo ndipo watu wengi hujidanganya mapema. Chukua mtumishi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,500,000 ambaye bado analipa mkopo wa elimu ya juu. Mchango wa pensheni wa asilimia 5 unaondoa 75,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vinavyofikia asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni moja, inaondoa 255,500. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 225,000, na bima ya afya asilimia 3, yaani 45,000. Zinabaki 899,500. Mtu huyu akijitambulisha kuwa analipwa milioni moja na nusu hasemi uongo, lakini anayepanga bajeti ya gari kwa kutumia namba hiyo anagawa fedha ambazo hajawahi kuzishika. Hesabu yake ianzie laki tisa.

Sasa tulipime gari lenyewe. Tuseme ni dogo, la injini isiyozidi lita moja na nusu, na limenunuliwa kwa milioni 15. Kwenda Mtumba na kurudi mjini ni kilomita 34. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 748, na ukiongeza soko, kanisa au msikiti na mizunguko ya wikiendi, unafika kilomita 1,000 kwa mwezi. Kwa gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, na petroli ikihesabiwa shilingi 3,000, mafuta pekee ni kama 250,000. Bei hiyo haitulii: EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Dodoma hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta husafirishwa kutoka bandarini. Tangu mwaka 2017 serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuongeza tozo kwenye mafuta, mwenye gari hulipa kadiri anavyotembea. Bima kubwa, kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT, ni zaidi ya 50,000 kwa mwezi. Oili, matairi, bushi na shokapu visitengewe chini ya 60,000, hasa kwa anayeishi kwenye mitaa mipya ya viwanja ambako lami haijafika na vumbi la kiangazi linaziba kichujio cha hewa. Mwisho kuna gharama isiyodaiwa na mtu yeyote: gari la milioni 15 likiuzwa milioni 9 baada ya miaka mitano, limepoteza 100,000 kila mwezi. Jumla ni 460,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya laki tisa, na hapo gari limenunuliwa taslimu.

Kwa mkopo, mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapa ndipo penye mtego. Utaratibu wa makato ya watumishi unataka mtu abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Milioni 15 zilizokopwa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, zikirejeshwa kwa miaka mitano, zinahitaji kama 357,000 kila mwezi. Mtumishi wetu atabakiwa na 543,000, wakati theluthi moja ya mshahara wake ni 500,000. Amefaulu. Afisa mikopo ataridhika, mwajiri atapitisha, na karatasi zote zitakuwa sahihi. Lakini mafuta hayakatwi kwenye mshahara, wala bima, wala fundi. Ukiondoa 360,000 za vitu hivyo, familia inabakiwa na takriban 183,000 za kodi ya nyumba, chakula, ada na wazazi kijijini. Theluthi ile iliwekwa ili deni lisimmalize mtu. Haikuwekwa kumwambia kwamba anaweza kumiliki gari. Anayeigeuza kuwa kibali utamwona tarehe 20 akitia mafuta ya elfu kumi huku taa ikiwaka kwenye dashibodi, na mwezi unaofuata yuko kwenye mlango wa mikopo ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu.

Kipimo kinachofaa ni kipi? Napendekeza robo: gharama zote za gari, pamoja na thamani inayopotea, zisizidi robo ya kipato halisi cha kaya. Robo si sheria ya mbinguni. Inatokana na ukweli kwamba chakula, nyumba na ada ya shule haviwezi kusubiri, na kaya isiyo na akiba kabisa itauza gari lake kwa hasara siku ya msiba wa kwanza. Kwa kipimo hicho, gari letu la 460,000 linahitaji kipato halisi cha karibu shilingi 1,840,000. Mtu mmoja wa laki tisa hafiki. Mume na mke wenye laki tisa kila mmoja wanakaribia kabisa, kwa gari moja, lililonunuliwa bila mkopo.

Wengi hujibu kwamba dawa ni kununua gari la bei nafuu. Inasaidia, lakini kidogo kuliko inavyodhaniwa. Gari la milioni 8, lenye bima ndogo na linalopoteza 50,000 kwa mwezi, bado litakunywa mafuta yaleyale ya 250,000, na uzee wake utapandisha bili ya fundi labda hadi 80,000. Jumla, pamoja na bima hiyo ndogo, ni kama 390,000. Umepunguza bei kwa karibu nusu, gharama ya mwezi imeshuka kwa asilimia 15 tu. Anayehamia Nzuguni au Ihumwa na kukata safari zake kwa nusu anaokoa 125,000 za mafuta kwa mpigo mmoja, na wenzake wawili wa njia moja wakichangia mafuta anaokoa zaidi. Umbali wa nyumba na kazi una nguvu kuliko aina ya gari, ila nani huuliza umbali kabla ya kuuliza rangi?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Dodoma bila gari ni shida: daladala zinajaa asubuhi, na mtoto akiugua usiku huwezi kusubiri kituoni. Ni kweli, na hitaji hilo lina thamani. Lakini lina bei pia. Aliyetenga 5,000 kwa nauli ya kila siku ya kazi ametumia 110,000 kwa mwezi. Akiongeza 100,000 kwa bajaji na teksi za dharura, bado yuko chini ya nusu ya gharama ya gari. Safari ya Dar es Salaam nayo, iliyokuwa kisingizio kikubwa, imebadilika tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa 31,000, wakati gari letu lingetumia mafuta ya zaidi ya 110,000 kwenye kilomita 450 hivi za barabara. Kwa watu wazima wanne gharama zinakaribiana. Kwa mmoja hakuna mashindano.

Wapo wanaosema gari litajilipa lenyewe. Kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo au mfanyabiashara wa alizeti wa Kibaigwa huenda likajilipa, mradi afungue daftari na kuandika kila shilingi inayoingia kwa sababu ya gari hilo. Hata hivyo, kipato cha uwanda huu hufuata mvua za msimu mmoja. Robo ya mkulima ipigwe kwa mwaka mbaya, isipigwe kwa wiki ya mavuno. Kuhusu heshima, haina haja ya kubezwa. Watu huipima kwa macho. Ila kiwanja kilichopimwa nacho huonekana, nacho hakidai petroli.

Mwenye shaka na hesabu hizi ana njia ya kuzijaribu bila kusaini chochote. Kwa miezi mitatu, siku ya mshahara, aweke akiba kiasi chote ambacho gari na mkopo wake vingekula, kisha aishi kwa kilichobaki na nauli aitoe humohumo kwenye kilichobaki. Akimaliza bila kukopa, anunue kwa amani, na tayari ana fedha za kuanzia. Akiivunja akiba hiyo mwezi wa pili, amepata jibu ambalo benki isingempa, na halijamgharimu kitu.