Nani hasa aliyeujenga mji wa Brussels?

Mwaka 1979 mji wa Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja wa Ulaya, uliadhimisha kutimiza miaka elfu moja. Heshima ya mwasisi alipewa Charles, mtawala wa Lotharingia ya Chini. Hata hivyo, wanahistoria wengi wanaona ushahidi wa madai hayo ni dhaifu.

Kwamba Charles aliishi, hakuna ubishi. Alikuwa mtoto wa Mfalme Louis wa Nne wa Ufaransa, na mwaka 977 Kaizari Otto wa Pili alimkabidhi utawala wa eneo hilo. Mwaka 987 kiti cha ufalme wa Ufaransa kilimpita kikaenda kwa Hugues Capet. Miaka minne baadaye alikamatwa mjini Laon kwa hila za askofu, akafia kifungoni.

Shaka ipo juu ya ngome. Inasimuliwa kwamba aliijenga katika kisiwa cha mto Senne, mahali paitwapo Saint-Géry. Lakini masimulizi hayo yaliandikwa baada ya kifo chake, na mwaka 979 ni makisio tu. Mto wenyewe ulifunikwa katika karne ya 19. Mgeni afikaye hapo leo hukuta jengo la soko la zamani na mikahawa.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka habari za Kilwa. Tarikh ya mji huo yasema Ali bin al-Hassan alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Habari hizo zilichapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552, karne nyingi baada ya tukio lenyewe. Nani angeziamini?

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha. Baadhi zina jina la Ali bin al-Hassan. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alikuwa amemweka mtawala huyo mwishoni mwa karne ya 12. Sarafu hizo zilimrudisha nyuma hadi karne ya 11.

Shirazi, lakini, haikutajwa humo, wala zile nguo. Sarafu zina jina lake na maneno machache ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa kwa vina.